Msipokee ramani ya uoto isiyohakikiwa: barua ya wazi kwa wanaoagiza ramani za misitu na ardhi

Kwa Makatibu Wakuu wa wizara zinazosimamia misitu, ardhi, kilimo na mazingira, kwa Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri, na kwa wafadhili wa miradi ya hifadhi na kaboni nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Takwimu mbili za upotevu wa misitu Tanzania Bara zimetajwa majukwaani kwa miaka mingi. Ya kwanza, hekta 372,816 kwa mwaka, ilitoka kwenye tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA, kwa kipindi cha 1995 hadi 2010. Ya pili, hekta 469,420 kwa mwaka, ni ya kipindi cha 2002 hadi 2013, na iliandaliwa kwa ajili ya kiwango rejea cha hewa ukaa itokanayo na misitu kilichowasilishwa Umoja wa Mataifa. Anayezisoma pamoja huona kwamba ukataji umeongezeka kwa karibu hekta laki moja kila mwaka. Huenda ndivyo. Lakini vipindi vyenyewe vinaingiliana, mbinu zilizotumika si zilezile, na msemaji anaposimama kuzitaja hataji ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho namba halisi inaweza kuzidi au kupungua, wa hata moja kati yake. Bila ukingo huo, msikilizaji hawezi kujua kama tofauti ile imetokea msituni au imetokea kwenye kompyuta.

Ombi letu ni moja. Ramani yoyote ya uoto na matumizi ya ardhi inayolipiwa kwa fedha za umma au za mradi isipokelewe mpaka iambatane na jedwali la makosa, yaani jedwali linalolinganisha kile ramani ilichosema na kilichokutwa kweli, lililotokana na sampuli nasibu huru, ukubwa wa kila aina ya uoto uliosahihishwa pamoja na ukingo wake wa makosa, na faili la nukta zenyewe za uhakiki, yaani mahali palipochaguliwa ili ramani ikaguliwe.

Ripoti nyingi zinazofika mezani kwenu hubeba namba moja tu: usahihi wa jumla, asilimia 90 na kitu. Tuone namba hiyo inaficha nini. Chukueni wilaya ya mfano yenye hekta 400,000. Ramani inasema hekta 8,000 ni msitu uliofyekwa ndani ya kipindi kinachopimwa, hekta 152,000 ni msitu uliosalia, na hekta 240,000 si msitu. Zinachaguliwa nukta 600 kwa bahati nasibu: 100 ndani ya eneo lililochorwa kuwa limefyekwa, 200 ndani ya msitu, na 300 nje ya msitu. Kila nukta inakaguliwa kwenye picha zenye mwonekano mkali, au kwa miguu. Kati ya zile 100, nukta 70 kweli zimefyekwa, 12 bado ni msitu, na 18 hazikuwa msitu tangu mwanzo. Kati ya 200 za msitu, 180 ni msitu kweli, 16 si msitu, na 4 zimefyekwa bila ramani kuona. Kati ya 300 za nje ya msitu, 282 ziko sawa, 15 ni msitu, na 3 zilikuwa msitu ukafyekwa.

Kila tabaka, yaani kila moja ya maeneo hayo matatu, likipewa uzito wa ukubwa wake, usahihi wa jumla ni asilimia 92. Kwa wengi hapo ndipo ripoti inapofungwa na hundi kuandikwa. Sasa tazameni ufyekaji peke yake. Nukta moja katika tabaka la kwanza inawakilisha hekta 80. Katika tabaka la msitu inawakilisha hekta 760. Nje ya msitu, hekta 800. Zile nukta 70 ni hekta 5,600. Zile 4 zilizojificha msituni ni hekta 3,040, na zile 3 za nje ni hekta 2,400. Jumla ni hekta 11,040, wala si 8,000. Katika hizo, ramani imepata hekta 5,600 tu, yaani nusu ya ufyekaji imeikosa, na bado usahihi wa jumla ni asilimia 92. Ukingo wa makosa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 ni takriban hekta 4,070 kila upande, kwa hiyo eneo lililofyekwa liko kati ya hekta 6,970 na 15,110. Namba ya kupeleka kwa Waziri ni 11,040 pamoja na ukingo wake. Ramani inatumika kuonyesha mahali. Kiasi kinatoka kwenye sampuli.

Jedwali hilohilo linajibu maswali mawili ambayo asilimia moja haiwezi kuyajibu. Afisa misitu akienda na ramani kwenye maeneo yaliyochorwa kuwa yamefyekwa, atakuta kweli pamefyekwa mara 70 kati ya 100. Huo ni usahihi wa mtumiaji, na pengo lake ni makosa ya kuingiza. Kati ya ufyekaji wote uliopo, ramani imeupata asilimia 51. Huo ni usahihi wa mtengenezaji, na pengo lake ni makosa ya kuacha. Kila aina ya uoto iwe na namba zake hizo mbili. Angalieni pia kama hesabu imepewa uzito wa eneo: katika mfano huu, anayejumlisha tu nukta zilizo sawa, 532 kati ya 600, atapata asilimia 88.7, ambayo si usahihi wa ramani bali ni matokeo ya jinsi nukta zilivyogawanywa. Kuhusu kappa, kipimo cha kulingana kwa ramani na ukweli kinachojaribu kuondoa bahati, ambacho bado kinadaiwa kwenye hadidu za rejea nyingi, kiondoeni. Watafiti Pontius na Millones walionyesha mwaka 2011 kwamba hakiongezi taarifa ya maana juu ya jedwali lenyewe. Utaratibu tunaouomba si mgeni pia: Pontus Olofsson na wenzake waliuandika hatua kwa hatua mwaka 2014, na programu za bure za kuufanyia kazi zipo.

Kosa kubwa zaidi tunaloliona ni la uhuru wa nukta. Mshauri elekezi anachora poligoni, yaani umbo la mipaka, juu ya shamba moja la mahindi, poligoni inatoa pikseli 100, yaani vimraba vidogo vinavyounda picha ya setilaiti, kisha kompyuta inazigawa: 70 za kufundishia, 30 za kuhakikia. Pikseli hizo ni majirani, zina udongo uleule, mbegu ileile na mvua ileile. Ni mtihani uliovuja. Usahihi wa asilimia 97 unaotoka hapo unaeleza jinsi kompyuta ilivyolikariri shamba lile, na haugusi mashamba ya wilaya nzima. Ubaya huongezeka nukta zote zinapokusanywa kandokando ya barabara, kwa sababu gari lilipita huko. Kando ya barabara kuna mashamba na majumba, kumekatwa zaidi, na mipaka ya mashamba ni dhahiri. Mlimani na ndani ya pori hakuna aliyefika, na huko ndiko ramani inakokosea. Nukta za uhakiki zichaguliwe na kompyuta juu ya eneo lote, kwa namna ambayo kila mahali pana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na baada ya ramani kukamilika.

Nukta ikishachaguliwa haiachwi. Lakini mara nyingi nukta ngumu, ile iliyoangukia mpakani mwa shamba na kichaka, au kwenye korongo lisilofikika, huondolewa kimyakimya na mahali pake hupachikwa nyingine iliyo rahisi. Kila ukiondoa nukta ngumu unapandisha usahihi kwa udanganyifu, hata kama hukukusudia. Isiyofikika kwa miguu isomwe kwenye picha kali au kwa droni. Isiyosomeka kabisa iandikwe hivyo, na idadi yake itajwe kwenye ripoti.

Kusoma nukta ni kazi ya macho, na macho hudanganyika. Tanzania inahesabu kuwa ni msitu eneo lisilopungua hekta 0.5, lenye miti inayofikia angalau mita 3, na mifuniko ya miti isiyopungua asilimia 10. Hekta 0.5 ni mraba wa mita 70 hivi kila upande. Ndani ya mraba huo pangeni vinukta 25, vitano kwa vitano. Kila kimoja ni asilimia 4. Vikiangukia vitatu au zaidi juu ya mti, sharti la mifuniko limetimia. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka ufike kwenye miombo ya Tabora au Katavi kwa picha ya Septemba. Miti mingi imepukutisha majani, ardhi imeungua, na juu ya majivu yanaonekana matawi na vivuli tu. Mtafsiri anahesabu kinukta kimoja pale ambapo picha ya Aprili ingempa saba. Kabla mvua hazijaanza, miombo huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba, na kompyuta iliyofundishwa kwamba msitu ni kijani huyatupa kwenye kundi lingine. Eneo lililoungua nalo huonekana jeusi, likachanganywa na maji au na shamba jipya, na Desemba ni kijani tena. Kwa hiyo kila nukta ya miombo isomwe kwa picha mbili kwa uchache, ya mwisho wa masika na ya kiangazi, na tarehe za zote mbili ziandikwe.

Urefu wa mita 3 hauonekani kutoka juu. Katika vichaka vya Itigi, vinavyosimama karibu na kimo hichohicho, uamuzi wa msitu au kichaka unategemea kipimo kilichochukuliwa pale chini kwa fito au kwa kifaa cha kupimia kimo. Hapo fedha za safari zisikatwe.

Pwani kuna tatizo la aina nyingine. Setilaiti huona kilichofunika ardhi. Haioni mwenye shamba anakifanyia nini. Mikorosho ya Mtwara na Lindi ina mifuniko inayopita asilimia 10 kwa mbali, na mita 3 inazivuka bila shaka. Shamba linalotunzwa hujionyesha kwa mistari yake, maana hupandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, lakini shamba kongwe lililomea magugu na miti ya porini linafanana na msitu kwenye pikseli za mita 10 na za mita 30 sawia. Vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba mseto yanayozunguka nyumba, ni vivyo hivyo: migomba na kahawa chini, miringaringa juu, na ramani inapaka rangi ya msitu mpaka kwenye paa za nyumba. Katika delta ya Rufiji, mikoko na mashamba ya mpunga yaliyofyekwa ndani yake hutenganishika vizuri maji yakipwa, lakini picha iliyopigwa maji yakiwa yamejaa huonyesha maji tu pale penye miche michanga. Setilaiti za Sentinel-2 hupita karibu saa ileile ya asubuhi kila mara, kwa hiyo hali ya maji inategemea tarehe. Jedwali la kujaa na kupwa lifunguliwe kabla ya kuchagua picha. Kila wilaya ina jozi zake za aina hii zinazochanganyika, na jedwali la makosa lazima lizionyeshe jozi hizo kwa majina badala ya kuzimeza ndani ya kundi moja la “uoto mwingine”.

Fasili ya msitu iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kenya hutumia mifuniko ya asilimia 15, kimo cha mita 2 na hekta 0.5. Kipande chenye mifuniko ya asilimia 12 na miti ya mita 4 ni msitu kikiwa Rombo, na si msitu ukivuka mpaka kwenda Loitokitok. Tathmini ya Kenya ya mwaka 2021 ilitoa namba mbili, asilimia 12.13 kwa eneo lililofunikwa na miti na asilimia 8.83 kwa msitu, na Katiba yao, ibara ya 69, inataka angalau asilimia 10 ya miti. Mtu akibadilisha neno moja, nchi hiyohiyo inatoka kwenye kufaulu na kuingia kwenye kufeli. Mathenge, mti vamizi uliotapakaa Baringo, nayo huhesabika au haihesabiki kwa kutegemea fasili hiyo.

Wasomaji wa nukta wawe wawili kwa kila nukta, kila mmoja peke yake, na wasione rangi ambayo ramani imeipa nukta hiyo. Anayejua jibu la ramani huegemea kulikubali, hasa akichoka. Wakitofautiana, wa tatu aliye mzoefu anaamua, na kiwango cha kutofautiana kinaripotiwa. Wasomaji wawili wakihitilafiana kwenye nukta 20 kati ya 100, ramani yenye usahihi wa asilimia 95 inapaswa kuwatia shaka, kwa sababu rejea yenyewe haina ukali huo. Kwa makadirio yetu mtu mmoja husoma vizuri nukta 60 hadi 80 kwa siku. Akisukumwa apite hapo, mikoko na mpunga huanza kuwa kitu kimoja.

Kuna na mambo ya mahali. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5 penye uwazi, na zaidi chini ya miti. Picha za ramani za mtandaoni nazo huhama kwa mita kadhaa kutoka tarehe moja hadi nyingine. Kwa pikseli ya setilaiti ya Landsat, ya mita 30, hilo huvumilika. Kwa pikseli ya Sentinel-2 ya mita 10 nukta yako tayari iko kwa jirani. Amueni mapema kama kipimo ni pikseli moja, kundi la tatu kwa tatu, au mraba wa hekta 0.5, na msikibadilishe baada ya kuona matokeo.

Idadi ya nukta haichaguliwi kwa mazoea. Ile “nukta 50 kwa kila aina” inayozunguka kwenye mapendekezo ya zabuni inaweza kufaa kwa tabaka dogo, na isitoshe kabisa kwa tabaka kubwa. Katika wilaya yetu ya mfano, ukitaka kosa sanifu la usahihi wa jumla, ambalo ni karibu nusu ya ukingo wake wa makosa, liwe asilimia 1, zinahitajika nukta 700 hivi. Ukikubali asilimia 2, zinatosha kama 180. Tabaka adimu, kama ufyekaji, lipewe nukta 50 hadi 100 bila kujali udogo wake, na zilizobaki zigawanywe kwa kufuata ukubwa. Mmeona jinsi nukta 4 tu ndani ya msitu mkubwa zilivyobeba hekta 3,040. Hizo ndizo zinazopanua ukingo wa makosa. Dawa yake ni kutenga ukanda wa mita mia kadhaa kuzunguka maeneo yaliyofyekwa, kuufanya tabaka la peke yake, na kuupa nukta za kutosha, kwa kuwa ufyekaji ulioachwa na ramani mara nyingi uko jirani na ule ulioonekana.

Msichukue ramani za miaka miwili mkalinganisha moja na nyingine, kisha mkaita tofauti hiyo mabadiliko. Ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 85 kila moja, makosa yake yakiwa hayahusiani, zinakubaliana na ukweli kwa pamoja asilimia 72 tu. Katika wilaya ambayo mabadiliko halisi ni asilimia 2 au 3, karibu kila kinachoonekana kuwa mabadiliko kinaweza kuwa makosa yaliyokutana. Mabadiliko yapimwe moja kwa moja, nukta kwa nukta, kwa picha za mwanzo na za mwisho zikiwa mbele ya msomaji mmoja.

Tahadhari hiyohiyo ihusu ramani za dunia za bure, ambazo halmashauri nyingi sasa zinazipakua. Ramani ya WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya, ya mita 10, ina usahihi wa jumla wa dunia wa asilimia 74.4 kwa toleo la 2020 na asilimia 76.7 kwa toleo la 2021. Ni kazi nzuri, na watengenezaji wake wameisema wazi mipaka yake, ikiwemo kwamba matoleo hayo mawili yametumia mbinu tofauti na hivyo tofauti kati yao si mabadiliko ya ardhini pekee. Lakini asilimia 76.7 ya dunia haielezi chochote kuhusu Kilwa. Mkitaka kuitumia Kilwa, nukta zichaguliwe Kilwa.

Haya yana uzito wa kisheria na wa fedha. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ukianza na ramani iliyopaka mashamba yaliyopumzishwa rangi ya pori, familia zinazoyategemea hujikuta zimepangiwa hifadhi au malisho, na kesi huanza. Tangu kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, vijiji vinaingia mikataba ambayo malipo yake yanafuata hekta za msitu ambao haukukatwa. Ukingo wa makosa mpana hupunguza kiasi kinachokubalika kulipwa, na hasara hiyo inabebwa na kijiji.

Tunapendekeza vifungu hivi viingie kwenye hadidu za rejea za zabuni zote za ramani. Mhakiki asiwe yule aliyechora ramani, na mkataba wake uwe wa peke yake. Asilimia 15 ya fedha za kazi nzima itengwe kwa uhakiki tangu mwanzo, maana ikiachwa mwisho huishia kwenye semina ya uzinduzi. Malipo ya mwisho ya mchoraji yasubiri jedwali la makosa. Faili la nukta likabidhiwe likiwa na koodineti, tabaka, tarehe za picha zilizosomwa, uamuzi wa kila msomaji na uamuzi wa mwisho, katika mfumo unaofunguka bila programu ya kununua. Na nukta zilizoko kwenye ua au shamba la mtu zitolewe bila jina la mwenyewe.

Kwa ramani ambazo tayari zinatumika, hatuombi zifutwe. Tunaomba nukta zake za uhakiki, pale zilipo, zitolewe hadharani ndani ya mwaka huu wa fedha. Na pale zisipokuwepo, ramani ibandikwe maandishi ya wazi kwamba haijahakikiwa, na isitumike kugawa ardhi wala kukokotoa malipo mpaka sampuli ifanyike. Kwa wilaya moja yenye ukubwa wa mfano wetu, wasomaji wanne na msuluhishi mmoja wanaweza kumaliza nukta 600, zikisomwa mara mbili, ndani ya wiki moja ya kazi, ukiacha siku za kwenda kwenye nukta zinazohitaji mguu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wataalamu wa ramani, picha za setilaiti na tathmini ya misitu